Kutuza na Kutunza

Methali yasema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Maana yake ya juu ni nyepesi. Achezaye ngoma katika mji wake, mbele ya jamaa zake na watu wamjuao, hakosi mtu wa kumwendea uwanjani na kumpa fedha au kumtupia leso begani, iwe ishara ya furaha na shukrani. Lakini neno lililomo katika methali hiyo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Tendo la kumpa mchezaji au mwimbaji zawadi huitwa kutuza, na watu wengi wa pwani huliita kutunza. Na kutunza ndilo neno litumikalo kwa kulea yatima, kuweka amana, na kuhifadhi hati isiliwe na mchwa. Lugha imeyafunga matendo mawili katika kifurushi kimoja. La kwanza ni kumpa fundi haki yake angali hai na jasho lingali usoni pake. La pili ni kuilinda kazi yake isipotee akiisha kuondoka. Atendaye moja akaliacha la pili amefanya nusu ya wajibu.

Historia ya ushairi wa Kiswahili katika miaka mia mbili iliyopita yaweza kusomwa kwa kipimo hicho. Mara nyingi husimuliwa kama orodha ya watunzi wakubwa, mmoja akipokewa na mwingine, kana kwamba tungo zao zilisafiri zenyewe kutoka kinywani mwa mtunzi hadi kitabuni. Sivyo ilivyokuwa. Kila utungo wa kale usomwao leo umepita katika mikono ya watu ambao hawakuutunga: waliousikia wakaukumbuka, walioununua wakauweka, walioandika maana ya maneno yake pembeni mwa karatasi. Wengi wa watu hao hawatajwi. Habari za mafundi watatu, wawili wa Mombasa na mmoja wa Lamu, zatosha kuonyesha jinsi kazi ya sanaa inavyookoka, na jinsi mwokozi wake anavyoweza kusahauliwa naye.

Fundi wa kwanza ni Muyaka bin Haji al-Ghassany. Wataalamu hukadiria kuwa alizaliwa Mombasa mnamo 1776 na kufa mnamo 1840. Zama zake mji ulikuwa chini ya watawala wa Kimazrui, waliokaa katika Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno walianza kuijenga katika mwaka 1593. Wamazrui walikataa kuwatii Mabusaidi wa Omani, na ugomvi huo ukazaa vita na mapatano yasiyodumu. Mnamo 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalishindwa na watu wa Lamu katika Vita vya Shela. Kutoka 1824 mpaka 1826 mji ulikuwa chini ya ulinzi wa bendera ya Kiingereza, kisha ulinzi huo ukaondolewa. Katika mwaka 1837 Sayyid Said aliitwaa Mombasa, na enzi ya Wamazrui ikakoma.

Muyaka aliyaona hayo yote, wala hakuyaona kwa kukaa kando. Alikuwa ulimi wa mji wake. Alitunga kuwatia moyo wenziwe, kuwakejeli adui, na kuwaonya wakubwa walipolegea. Lakini hakufungwa na siasa peke yake. Alitunga juu ya mapenzi na ndoa, juu ya ufukara na biashara, juu ya bahari na vyombo, juu ya marafiki wenye nyuso mbili. Alifumba mafumbo na kuyafumbua ya wengine. Umbo alilolipenda ni shairi la mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na sita, iliyogawanyika nusu kwa nusu, vina vikiwa kati na mwisho. Mohamed Hassan Abdulaziz, mtaalamu aliyemchunguza Muyaka kwa kina, ameeleza kazi yake kuwa ni ya kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni.

Kauli hiyo ni sifa, na ndani yake mna pia sababu ya hatari iliyozikabili tungo za Muyaka. Utenzi wa dini ulikuwa na mtunzaji wake tangu kuzaliwa. Mtu aliunakili kwa kutaraji thawabu. Ulisomwa katika hafla, ukawekwa sandukuni pamoja na vyuo, ukarithiwa. Shairi la sokoni halikuwa na bahati hiyo. Lilitungwa kwa ajili ya siku moja na tukio moja, likacheka watu waliojulikana kwa majina, likapita kinywa kwa kinywa. Walipokufa waliochekwa na waliocheka, shairi lilibaki kama kivuli kisicho na mwenyewe. Tena Muyaka alikuwa ameshikamana na upande ulioshindwa. Baada ya 1837 hapakuwa na mtawala wa Mombasa ambaye fahari yake ilitegemea kukumbukwa kwa kejeli walizotupiwa Mabusaidi. Katika maisha yake Muyaka alituzwa, maana mji mzima ulimsikiliza. Lakini waliokuwa na nguvu ya kumtunza walikuwa wamekwisha kuondolewa ngomeni.

Miaka kadiri ya arobaini ilipita. Mashairi yalikaa katika vifua vya wazee, na kila mzee aliyezikwa alikwenda na fungu lake. Ndipo akatokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, aliyezikusanya tungo hizo kwa watu waliozihifadhi na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Msaada wake ulikwenda kwa William Ernest Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja Afrika Mashariki katika mwaka 1880, ambaye aliipenda lugha ya Kimvita kupita haja za kazi yake. Mhubiri aweza kujifunza lugha kwa sababu ataka kuhubiri. Lakini hapana mahubiri yanayohitaji mashairi ya kejeli za vita vya zamani na ya mume aliyechoshwa na mkewe. Taylor aliyataka kwa sababu yalikuwa mazuri. Mapenzi hayo yaonekana pia katika mkusanyo wake wa methali za Waswahili, aliouchapisha katika mwaka 1891.

Yafaa kueleza kazi ya Sikujua ilikuwa ya namna gani, kwa sababu asiyeijua aweza kuidhania kuwa ni ya karani tu. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumiwa zamani kuandikia Kiswahili, hazikutenga sauti zote za lugha hii. Herufi moja ya *ba* ilibeba kazi ya *b*, ya *p* na ya *mb*. Alama moja ya irabu ilisimama mahali pa *e* na *i*, na nyingine mahali pa *o* na *u*. Basi neno moja lililoandikwa kwa herufi hizo laweza kusomwa *bata*, laweza kusomwa *pata*, na laweza kusomwa *mbata*. Ndege, kitenzi na nazi kavu vyakaa katika mchoro mmoja, na msomaji huchagua kwa kuijua lugha, kwa kuihesabu mizani, na kwa kukijua kisa. Hati ya namna hiyo haimsemeshi asiyeijua lugha yake. Kwa sababu hiyo mashairi ya Muyaka hayakuokolewa na karatasi peke yake. Yaliokolewa na mtu aliyeweza kusema kuwa neno hili husomwa hivi, fumbo hili lamlenga fulani, na ubeti huu ulikuwa jibu la ubeti ule. Maelezo yaliyofuatana na mashairi hayo ndiyo yaliyoyapa roho.

Mwalimu Sikujua alifariki katika mwaka 1890, Taylor katika mwaka 1927. Karatasi zilikwisha kusafiri zikafika London, na leo zimo katika maktaba ya chuo kilichojulikana kwa muda mrefu kama Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. Kutoka katika karatasi hizo William Hichens, Mwingereza mwingine mpenzi wa tungo za Kiswahili, alitengeneza *Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy*, iliyochapwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, katika mwaka 1940. Tazama mwendo wa tungo hizo: zilitungwa Mombasa, zikakusanywa Mombasa, zikawekwa London, zikachapwa Johannesburg, na karne nzima ilikuwa imepita tangu mwenyewe alipofukiwa. Halafu ilibidi kungoja tena mpaka mwaka 1979, kitabu cha Abdulaziz kilipotoka Nairobi, ndipo Muyaka alipoelezwa kwa urefu na mtaalamu aliyezaliwa katika mji uleule wa Mombasa.

Hapana haja ya kumdharau Taylor wala Hichens. Kama si wao, huenda kisingalikuwako cha kusemwa. Hata hivyo mizani ya haki yataka vitu viwili viwekwe kwa pamoja. Maktaba huuita mkusanyo ule kwa jina la Taylor, na hiyo ni desturi ya maktaba: karatasi huitwa kwa jina la aliyezileta. Desturi hiyo yaweza kumfanya mwanafunzi asiyefungua kurasa adhani kuwa mletaji ndiye mkusanyaji. Muyaka alipata kutunzwa, ingawa kwa kuchelewa. Sikujua alitunza, na jina lake likabaki katika maelezo ya chini ya kurasa.

Fundi wa pili ni Muhamadi bin Abubakari, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kijuma. Alizaliwa Lamu mnamo 1855 na kufariki mnamo 1945, akaishi miaka kadiri ya tisini. Ni taabu kumweka mtu huyu katika fungu moja. Alikuwa mtunzi wa tenzi na mashairi. Alikuwa mwandishi wa hati mwenye mkono wa kupendeza, aliyeweza kuupamba ukurasa wa kwanza kwa michoro. Alichonga mbao, na milango ya Lamu ni katika kazi zake. Aliimba, akapiga ala, akajua ngoma na mashindano yake. Mji wa zamani wa Lamu ulikuwa na nafasi kwa mtu wa namna hiyo. Tajiri aliyejenga nyumba ya mawe alitaka mlango wa nakshi. Aliyeoza alitaka waimbaji. Mtaa ulioshindana na mtaa mwingine ulitaka mtunzi wa kuujibia.

Lakini Kijuma aliishi wakati nafasi hiyo ilipokuwa ikifinywa. Mwaka 1895 pwani iliingia chini ya himaya ya Kiingereza. Mwaka uliofuata reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na katika mwaka 1901 ikafika katika Ziwa Viktoria. Biashara ikaifuata, ikaiacha Lamu kando. Katika mwaka 1907 utumwa ulifutwa kwa sheria katika pwani ya Kenya. Jambo hilo lilikuwa haki iliyochelewa mno, na hapana fahari ya sanaa iwezayo kulipia dhuluma. Lakini mwanahistoria hana budi kueleza kuwa utajiri wa wenye mashamba, uliokuwa ukiwalipa wachongaji na waimbaji, ulisimama juu ya jasho la watu wasiolipwa. Dhuluma ilipoondoka, utajiri ule uliondoka nao. Fundi akabaki na ufundi wake, na wateja wake wa kale hawana tena cha kumpa.

Wateja wapya walitoka mbali. Alice Werner, aliyesafiri Afrika Mashariki tangu 1911 hadi 1913 na baadaye akafundisha Kiswahili London, alipata hati kwa mkono wa Kijuma. Hichens alimwandikia barua na kupokea hati kutoka kwake. Mnamo 1936 Ernst Dammann, mtaalamu wa Kijerumani, alifika Lamu na kufanya kazi naye. Katika mwaka 1940, mwaka uleule ilipotoka diwani ya Muyaka, Dammann alichapisha Ujerumani kitabu kikubwa cha tungo za lahaja ya Lamu. Wakati huo Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikipigana. Na katika nchi zote mbili zilikuwako karatasi zilizoandikwa na mzee mmoja wa Lamu kwa kalamu na wino wake.

Je, Kijuma alituzwa? Alilipwa kwa hati alizoandika, na malipo hayo yalikuwa riziki ya mzee katika mji uliofifia. Hilo si jambo la kubezwa, kwa kuwa msanii hali sifa. Lakini yafaa kuangalia alilipwa kwa kazi gani. Wataalamu waliomwendea walitaka tungo za kale. Walimwona kuwa ni mlango wa kuingilia katika hazina ya watu waliomtangulia, na kwa kweli alikuwa mlango mzuri kabisa, ambao nakshi zake zilipita bila ya kutazamwa sana. Utenzi wa Fumo Liyongo ni mfano. Nakala yake mashuhuri yatokana na mkono wa Kijuma, na ina tarehe ya mwaka 1913. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mnakili wa utenzi huo. Baadaye wako wataalamu waliosema kuwa yeye ndiye mtunzi wake, aliyezichukua habari za shujaa Liyongo, zilizokuwa zikisimuliwa na kuimbwa tangu zamani, akazitia katika beti. Shauri hilo lina wenye kulikubali na wenye kulipinga. Lakini kuwako kwake kwaonyesha jambo moja waziwazi: mtu alipwaye kwa kunakili, na anunuliwaye kwa sababu ya ukale wa anachokiandika, hana haja ya kusema kuwa kitu hiki ni changu na kimezaliwa leo. Soko lilitaka kale, na upya wa fundi ukapata kufichwa chini ya kale hiyo.

Lamu ilikuwa na watunzaji wengine ambao hawakuandika kwa malipo. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake katika mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Utenzi huo ulichapwa Medstead, Uingereza, katika mwaka 1934 kwa kazi ya Werner na Hichens. Kati ya tarehe hizo mbili ilipita miaka 76, na katika miaka hiyo utenzi uliishi katika nyumba za watu, hasa kwa wanawake waliousoma, wakauhifadhi moyoni, wakawafundisha binti zao. Hapana maktaba iliyoandika majina yao. Ila utenzi wenyewe ni ushahidi kuwa walikuwako, kwa sababu maneno hayakai miaka 76 bila ya mwenye kuyalinda.

Kijuma alipata haki ya jina lake baada ya kufa. Katika mwaka 1983 tasnifu juu ya maisha na kazi zake iliandikwa London na Mohamed Ibrahim Abou Egl. Na katika mwaka 2010 kitabu cha hati zake kilitoka Ujerumani, kikihaririwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, na jina la Muhamadi Kijuma likakaa juu ya jalada. Tangu kifo chake mpaka hapo ni miaka 65. Muyaka alituzwa na watu wake na kutunzwa kwa kuchelewa. Kijuma alitunzwa angali hai, kwa maana hati zake zilithaminiwa zikawekwa pema, lakini tuzo aliyopewa ilikuwa ya mkono ulioandika, si ya moyo uliotunga. Kila mmoja alipata nusu ya neno lile.

Fundi wa tatu alikaribia kulipata lote. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa angali kijana tungo zake zilipokwisha kuenea. Njia moja ya kuenea kwake ilikuwa tarabu. Mwimbaji mashuhuri Juma Bhalo, jamaa yake, aliyefariki katika mwaka 2014, aliimba tungo zake nyingi, na sauti hiyo ikafika mahali ambapo kitabu hakifiki. Lakini wimbo ni kama jahazi lenye tanga la rangi: watu wa ufukoni hulitambua tanga, wasimjue seremala. Msikilizaji humtaja mwimbaji, na mara nyingi hamjui aliyetunga maneno. Hiyo ni desturi ya muziki popote ulimwenguni, na mtunzi asiyeandikwa huweza kusikika kila harusi na asijulikane hata mtaa wa pili.

Katika mwaka 1966 Lyndon Harries, mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili, alichapisha Marekani mashairi ya Ahmad Nassir pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa mara nyingine mtunzi wa Mombasa alitokea kitabuni ng'ambo kabla ya kutokea kwao. Lakini safari hii haikupita karne, wala miaka 65. Miaka mitano tu baadaye, katika mwaka 1971, ilitoka *Malenga wa Mvita*, diwani ya mashairi yake kwa Kiswahili kitupu, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Mtunzi alikuwa hai. Mhariri alikuwa mwalimu wa mji uleule, aliyekua katika maneno yaleyale. Wasomaji waliokusudiwa walikuwa Waswahili na wanafunzi wa Kiswahili, si wageni waliohitaji kufasiriwa. Jina la kitabu lilikuwa cheo, na mpaka leo mtunzi huyo hujulikana kwa cheo hicho.

Alilofanya Chiraghdin lafaa kupimwa kwa yale yaliyotangulia. Sikujua alilazimika kuwatafuta wazee waliokumbuka. Chiraghdin aliweza kumwuliza mtunzi mwenyewe. Kijuma alithaminiwa kwa sababu ya kale aliyoihifadhi. Ahmad Nassir alithaminiwa kwa sababu ya alichokisema yeye, kwa ulimi wake na katika wakati wake. Mhariri hakuingia kati ya mshairi na wasomaji wake akachukua nafasi ya mbele. Alisimama ubavuni, akaeleza panapohitaji maelezo, akaondoka. Kazi ya namna hiyo haina makelele. Yataka mtu mwenye elimu ya kutosha hata aweze kuwa mtunzi wa kitabu chake, naye akubali kuitumia elimu hiyo katika kitabu cha mwenziwe.

Wala Chiraghdin hakuwa peke yake katika zama hizo. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati na sauti za wasomaji wa tenzi kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapwa katika mwaka 1970. Hati zilizokusanywa pwani zilianza kupata kao katika Afrika Mashariki yenyewe. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aweza kuiona hati bila ya kupanda ndege, na hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa maana elimu hujengwa na watu wengi wanaorudia kitu kilekile mara nyingi, wala haijengwi na msafiri mmoja aliyepewa ruhusa ya wiki tatu.

Kutokana na habari hizi yaonekana kuwa kumsaidia msanii asiyetambuliwa si jambo moja, bali ni haki tatu. Haki ya kwanza ni riziki. Muyaka huhesabiwa kuwa alikuwa mtu wa biashara, Kijuma alichonga na kunakili. Hapana hata mmoja aliyeishi kwa mashairi matupu. Yeyote apendaye sanaa bila ya kuuliza msanii anakula nini, anapenda maua na kuchukia mizizi. Haki ya pili ni jina. Kila mkono uliofanya kazi uandikwe: aliyetunga, aliyehifadhi moyoni, aliyenakili, aliyefafanua. Kuandika jina hakugharimu kitu ila mstari mmoja, na kukosekana kwa mstari huo kwaweza kuwagharimu wataalamu miaka mingi ya mabishano. Haki ya tatu ni maelezo. Shairi lisilo na kisa chake ni kama ufunguo usio na kufuli. Na kisa hujulikana kwa wepesi wakati mtunzi angali barazani, kisha huwa kigumu kila mwaka upitao.

Haki hizo tatu zina adui mmoja, naye ni kuahirisha. Watu wa Mombasa hawakumchukia Muyaka, wala watu wa Lamu hawakumdharau Kijuma. Walimpenda kila mmoja kama mtu apendavyo kitu kilichopo kila siku, na kitu kilichopo kila siku hudhaniwa kuwa hakitaondoka. Mgeni aliona thamani kwa sababu alijua kuwa atarudi kwao na asikisikie tena. Basi mwenyeji ahitaji kujifunza kutazama kilicho chake kwa macho ya mtu atakayesafiri kesho, huku akikifahamu kwa moyo wa aliyezaliwa nacho. Mgeni hana hilo la pili, na mwenyeji husahau lile la kwanza. Chiraghdin aliyaunganisha.

Yeye mwenyewe hakupewa muda mrefu. Alikuwa ameandika historia ya lugha hii kwa kushirikiana na Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma. Mnyampala alifariki katika mwaka 1969. Chiraghdin alifariki katika mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 42. *Historia ya Kiswahili* ilitoka katika mwaka 1977, ina majina ya waandishi wawili juu yake, na hapana aliyekuwa hai kuipokea. Mtu aliyefanya haraka kumweka malenga wa mji wake katika kitabu angali mzima hakukiona kitabu chake. Baadaye binti yake aliandika wasifu wake, naye mtunzaji akatunzwa.